Jina la Kuazima

Jumatatu, Februari 3. Lodwar

Daftari hili nimelipata bure kwenye semina. Jalada lina maandishi ya dhahabu, "Haki Zangu, Maendeleo Yetu", lakini karatasi zake ni nyepesi mno, wino unatokeza upande wa pili. Nitaandika humu hivyo hivyo. Ninayoyameza kazini yamekuwa mengi, na nisipoyatema hapa nitakuja kumtemea mtu usoni.

Leo Nakal amekuja ofisini macho mekundu. Nakal ni binti ya Awoi, na Awoi ni mtoto wa baba yangu mkubwa, kwa hiyo mimi ni mama yake mdogo, ingawa yeye huniita anti. Ana miaka ishirini. Amepata nafasi ya kusomea uuguzi hapa Lodwar, na mwisho wa kuripoti ni Aprili 30. Chuo kinataka kitambulisho, au angalau karatasi ya kusubiria kitambulisho. Ameomba mara tatu.

"Wamenikataa tena, anti," akasema. "Nikiweka kidole, kompyuta inasema mimi ni mkimbizi. Inasema mimi ni Nyanut."

"Hukuwaambia wewe ni Mturkana?"

"Nimewaambia kwa Kiturkana. Karani akacheka, akasema siku hizi hata Wasudani wanajua Kiturkana."

Kisa chake watu wengi Kakuma wanakijua, ila hakuna ofisi inayotaka kukisikia. Mwaka 2011, ukame ulipomaliza mbuzi, chakula kilikuwa kwenye kambi ya wakimbizi tu, ng'ambo ya laga, ule mto unaojaa wakati wa mvua tu. Awoi alikuwa na rafiki kule, Nyawech, mama Mnuer kutoka Sudan Kusini aliyekuwa akinunua makaa kwake. Binti ya Nyawech, huyo Nyanut, akafa kwa homa. Jina lilikuwa bado kwenye kadi ya chakula watu wa usajili walipokuja kuchukua alama za vidole. Awoi akamtoa Nakal, mtoto wa miaka sita, akabonyeza vidole vyake mahali pa marehemu. Chakula cha Nyanut wakawa wanagawana nusu kwa nusu.

Mama gani anaazimisha mtoto kama sufuria? Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Jumanne, Februari 4

Joto. Upepo wa mchanga tangu alfajiri. Bosi amewapeleka wageni wa Nairobi kula mbuzi, wakarudi saa tisa wakijichokonoa meno.

Jumanne, Februari 11

Nimempelekea bosi habari ya Nakal. Bosi wangu ni Ereng, mkurugenzi wa shirika letu la haki, na mimi ni mkalimani wake na mpiga chapa. Anapenda kusema kwamba haki za binadamu ndiyo msingi wa usawa, na usawa ndiyo msingi wa maendeleo endelevu. Nimeichapa sentensi hiyo mara nyingi hata vidole vinaiandika vyenyewe.

Alinisikiliza vizuri, akaegemea kiti, akasema, "Akoru, hii kesi ni tamu. Hii tunaiweka kwa ripoti."

"Bosi, msichana anataka kitambulisho, si ripoti."

"Polepole. Ana picha nzuri? Ile anaonekana amehuzunika kidogo."

Nilitoka nikaenda kunawa mikono, na sikuwa nimeshika kitu.

Jumapili, Februari 16. Kakuma

Nimekuja kwa Awoi baada ya misa. Nyumba yake iko ukingoni mwa laga ya Tarach, upande wetu, na kutoka mlangoni unaona mabati ya kambi. Nyawech alikuwa pale, ameketi kwenye jerikeni iliyokatwa, anafuma shuka la kitanda kwa nyuzi nyekundu. Nilisalimu, ejok, Awoi akaitikia ejok-nooi, Nyawech akainua kichwa tu.

Sikuzunguka. Nilimwambia Awoi kwamba amemuuza mtoto wake kwa unga na maharagwe.

"Sikuuza," akasema. "Wewe Akoru ulikuwa unakula wapi mwaka ile? Ulikuwa unakula kwa mshahara ya kambi. Mimi nilikuwa nakula ngozi."

Kisha akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya boma. Kulikuwa na mawe yamepangwa duara, meusi, kila moja la ukubwa wa mkate. Chini yake ndiko alikolala Nyanut. Kumzika kambini kungemaanisha kuandikwa, na kuandikwa kungemaanisha kukatwa chakula, na Nyawech alikuwa na wengine wanne wa kulisha. Awoi akampa nafasi ndani ya boma lake. Kwetu, ndani ya boma hazikwi mtu hivi hivi. Huzikwa mwenye boma. Wazee walimgombeza Awoi miezi mitatu, lakini mawe hakuyaondoa.

"Mimi nilimpa kaburi, yeye akanipa jina," Awoi akasema. "Hiyo ni deni gani? Hakuna deni hapo."

Nikamuuliza Nyawech kama yuko tayari kusema mbele ya serikali kwamba mwanawe alikufa. Aliendelea kufuma. Awoi ndiye aliyenijibu, kwa sauti ndogo, kwamba Nyawech hata siku ya kuzika hakulia.

Hakulia. Mama amfukie mwanawe wa miaka saba bila chozi, kisha apange foleni na kadi yake kila mwezi, miaka kumi na minne. Niliangalia zile nyuzi nyekundu zikipita kwenye vidole vyake, na kwa kweli nilichukizwa.

Jumatatu, Februari 17. Lodwar

Nimerudi. Leo sipendi mtu yeyote.

Jumatatu, Machi 3

Nimempeleka Nakal kwa Lotiir, katibu wa kamati ya uhakiki inayochunguza watu kama yeye. Ofisi yake ina feni mbili, zote zinamwelekea yeye. Alimwangalia Nakal kuanzia viatu kwenda juu.

"Urefu huu," akasema, "ni wa Kiturkana au ni wa ng'ambo?"

"Mzee, babake alikuwa mrefu," nikasema.

"Babake yuko wapi?"

"Alikufa kwa risasi za wizi wa mifugo, njia ya Lokori."

"Kila mtu hapa babake amekufa," akasema, akafungua faili. Shida, kwa maneno yake, ni rahisi. Kompyuta ina mtu mmoja mwenye vidole hivi, na mtu huyo ni Nyanut. Ama Nyanut alikufa na huyu ni Nakal, ama huyu ndiye Nyanut na sisi tunataka kumpa uraia kwa hila. Walete cheti cha kifo. Nikamwambia cheti hakuna, kaburi lipo. Akafikiri, akasema kamati itakaa Kakuma Alhamisi ya Machi 27, itaenda kuliona kaburi, itawasikiliza akina mama wote wawili.

Nakal alitoka akitabasamu. Alinunua ndizi mbili akanipa moja. Mimi nilikuwa bado nasikia lile neno, urefu huu, kama anapima mbao.

Jumatano, Machi 12

Joto. Nakal anatembea kila asubuhi kwenda kwenye geti la chuo, anaangalia wanafunzi, anarudi. Nimemwambia aache. Haachi.

Jumatano, Machi 19

Mawingu upande wa milima. Wanawake wanaezeka upya kwa majani ya mikoma. Awoi amepiga simu kuniuliza kama kamati itakuja kabla ya mvua, kwa sababu laga mwaka jana ilikula ukingo hatua tatu kuelekea kwenye yale mawe. Nimemwambia watakuja tarehe 27. Nilisema kwa uhakika wa mtu mjinga.

Jumatatu, Machi 24

Asubuhi Ereng alinipa orodha ya waalikwa wa semina yetu kubwa, Haki Kama Msingi wa Usawa na Maendeleo Endelevu, hapa Lodwar, tarehe 26 hadi 28. Nikaanza kuchapa barua. Jina la nne lilikuwa la Lotiir. La tano, la sita na la saba ni wanakamati wenzake.

Nilikwenda kwa Ereng na barua mkononi. "Bosi, hawa watu Alhamisi wana kikao Kakuma. Cha Nakal."

"Kimeahirishwa. Lotiir ameniambia. Wanakuja kujengewa uwezo kwanza, ndiyo wakahakiki vizuri. Wataketi Aprili 24."

"Mvua inakuja. Kaburi liko ukingoni mwa laga."

"Akoru," akasema kwa upole, na upole wake ndio unaonichefua zaidi, "usifanye kazi ya shirika iwe mambo ya familia."

Nikarudi kwenye kiti nikachapa barua zote ishirini na sita. Zote, bila kosa. Ndiyo mikono yangu ilivyo.

Alhamisi, Machi 27

Ukumbi wa hoteli, mapazia ya zambarau, maji ya chupa. Kila mtu fulana nyeupe yenye ile sentensi mgongoni. Mtaalamu mmoja alitufundisha kwamba mtu bila utambulisho ni kama hayupo mbele ya sheria. Wanakamati waliandika hayo kwenye madaftari kama hili langu.

Baada ya chai Ereng akamwita Nakal mbele, "sauti ya vijana". Mimi sikujua. Alikuwa amemtumia nauli ya pikipiki na fulana. Mtoto akasimama, akaeleza yote kwa Kiswahili safi: ukame, vidole, jina la marehemu, chuo, Aprili 30. Sauti ilimkatika mara moja tu. Alipomaliza watu walisimama wakapiga makofi. Lotiir pia alisimama, akapiga makofi mpaka saa yake ikateleza hadi kwenye kiwiko. Nilimwangalia nikasema moyoni, makofi hayo unampigia nani wewe? Leo hii ungekuwa Kakuma ukiliangalia kaburi.

Kisha Nakal akapewa fomu ya mahudhurio atie sahihi. Kuna safu ya namba ya kitambulisho, akaiacha tupu. Ereng akainama, akamnong'oneza, "Weka namba yoyote. Weka ya mama yako. Fomu ikiwa na pengo wafadhili wanarudisha."

Nakal akaniangalia mimi. Nikaangalia pembeni. Akaandika namba ya Awoi.

Pilau ilikuwa nzuri, wanasema. Mimi sikula.

Jumamosi, Aprili 5

Imenyesha.

Jumapili, Aprili 6

Imenyesha usiku kucha na mchana kutwa. Laga ya Kawalase imejaa, watu wamesimama darajani kuangalia maji yakipita na mabati, mbuzi, mti mzima wa mathenge na mizizi yake. Padri ameomba tushukuru.

Jumanne, Aprili 8

Awoi amepiga simu saa moja asubuhi. Tarach imekuja juu na imechukua ukingo wote wa nyuma ya boma. Nyumba imebaki. Mawe hayapo.

"Nyawech alikuja?" nikamuuliza.

"Alikuja. Alisimama kwa maji mpaka hapa kwa kiuno. Nilimvuta."

"Alilia?"

"Wewe kwa nini unauliza hiyo kila siku?" Awoi akasema, na simu ikakatika. Nadhani alikata yeye.

Jumapili, Aprili 13

Leo ni Jumapili ya Matawi na sikwenda kanisani. Nimesoma daftari hili tangu mwanzo, na nimejichukia kuliko ninavyomchukia Ereng. Nimewatukana watu wote humu ndani, kila mmoja kwa jina lake. Mficha uchi hazai. Kuna mmoja nimemruka.

Siku ile ya usajili, 2011, nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilijifunza Kiarabu cha Juba nikiuza kuni kambini, kwa hiyo walinipa kibarua cha ukalimani. Nilikuwa nimeketi kwenye meza aliyopangiwa Nyawech, akiwa na wanawe wanne na Nakal. Nilimjua Nakal. Nilikuwa nimembeba mgongoni.

Na si Awoi aliyeleta wazo lile. Awoi alinijia jana yake analia kwamba mtoto anavimba miguu. Mimi ndiye niliyemwambia, kuna nafasi kwenye kadi ya Nyawech, mlete kesho, mimi nitakuwa mezani. Mimi.

Afisa, mzungu kijana mwenye pua iliyobabuka kwa jua, alimwinamia Nakal akamuuliza anaitwa nani. Nikamuuliza kwa Kiturkana, kwa sababu yule mzungu hakuweza kujua ni lugha gani. Mtoto akajibu vizuri, kwa sauti, kama alivyofundishwa kujibu wakubwa. Alisema, "Nakal."

Nikamgeukia afisa nikasema, "Anaitwa Nyanut."

Kisha nikatia sahihi chini, mahali pa mkalimani. Mtoto wa miaka sita alisema kweli mbele ya serikali, na mimi ndiye niliyemfanya mwongo. Na Februari nilithubutu kumwambia mama yake kwamba amemuuza.

Kwa nini nimenyamaza? Kwa sababu mkalimani aliyesema uongo hapati kazi tena popote kati ya hapa na Lowarengak. Jibu ni hilo tu, na ni baya.

Jumatatu, Aprili 14

Nimemwambia Ereng. Amefunga mlango kwanza.

"Hujaniambia kitu," akasema. "Umenielewa? Ukisimama pale ukasema hivyo, shirika litaonekana limeajiri tapeli. Sitaweza kukutetea."

"Nakal ana siku kumi na sita."

"Nakal tutamtafutia kitu kingine. Ushonaji."

Ushonaji. Na ile sentensi iko ukutani nyuma ya kichwa chake, ndani ya fremu.

Jumapili, Aprili 20

Pasaka. Nakal ameniletea mandazi. Bado sijamwambia.

Jumatano, Aprili 23. Kakuma

Nimelala kwa Awoi. Kabla ya kulala nimemwambia Nakal yote, mbele ya mama yake.

"Ile siku naikumbuka," akasema. "Nilidhani nimekosea kujibu. Nilikuwa naogopa mtanichapa."

Nilimtandikia mkeka karibu na wangu.

Baadaye nikamuuliza Awoi kwa nini Nyawech hakulia. Alinishangaa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha.

"Angeliaje? Msiba ina sauti. Watu wangekuja na pole, halafu kesho karani anasikia. Mtoto alikuwa hai kwa kadi. Unaweza lilia mtu hai?"

Nimekaa nje mpaka mbu wakanirudisha ndani. Miezi miwili nimemhukumu mwanamke huyu.

Alhamisi, Aprili 24. Kakuma

Kamati iliketi katika ukumbi wa chifu. Lotiir katikati, na kulia kwake afisa wa wakimbizi, kijana, mwenye kompyuta. Lotiir alikuwa amevaa ile fulana.

"Kaburi liko wapi?" akauliza.

"Laga imechukua, mzee," Awoi akasema.

"Basi tunaamini nini? Akina mama wawili marafiki wanaweza kupanga maneno."

Nyawech akasimama. Ni mrefu, ilibidi ainamishe kichwa chini ya feni.

"Mimi ndiyo mama ya Nyanut," akasema. "Nyanut alikufa. Mimi nimeosha yeye, mimi nimefunga yeye na shuka yangu. Huyu msichana ni ya Awoi. Hiyo chakula kata. Khalas."

Afisa kijana akamwonya kwamba si kukatwa tu, anaweza kuitwa aeleze miaka yote hiyo. Akasema ameelewa. Alisema hivyo akijua chakula chenyewe kimekwisha kupunguzwa, na nyumbani ana wajukuu.

Lotiir akatikisa kichwa. "Bado ni maneno. Hapa kuna fomu. Mtoto aliulizwa jina, akasema Nyanut, na mkalimani akatia sahihi."

Nilisimama.

"Mtoto hakusema Nyanut," nikasema. "Alisema Nakal. Nilikuwa hapo."

"Ulikuwa hapo kama nani?"

"Mkalimani. Ni mimi niliyebadilisha. Mama yake nilimwita mimi."

Lotiir aliniangalia. "Wewe si wa Ereng?"

"Ndiyo, mzee."

Afisa akatafuta fomu kwenye kompyuta, akaikuza, akanipa karatasi tupu. "Tia sahihi hapa, madam." Nikatia. Akazilinganisha, ile ya msichana wa miaka ishirini na miwili na yangu ya leo. Akamgeuzia Lotiir kompyuta.

Wakanong'onezana. Nakal alikuwa ameshika kiti kwa mikono yote miwili. Kisha Lotiir akaandika, akagonga muhuri, akampa karatasi ya kusubiria. Akanipa na mimi barua ya kuandikisha taarifa polisi Jumatatu. Shughuli yote ilichukua dakika ishirini. Miaka kumi na minne, na kitu kilikuwa cha dakika ishirini. Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Simu yangu ikatetemeka, Ereng, maneno matatu: usirudi ofisini tena.

Lakini afisa alikuwa hajamaliza. Alikuwa anafuta jina la Nyanut, na kompyuta ilikuwa inamgomea.

"Mama, alikufa tarehe ngapi?"

Nyawech akawaza. "Ilikuwa kiangazi. Asubuhi."

"Bila tarehe haikubali." Akajaribu mara mbili, akakata tamaa. "Basi naweka ya leo."

Akabonyeza. Nyawech akainama juu ya meza kuangalia.

"Sasa amekufa?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Imekubali."

Akatoka nje, hakumuaga mtu. Pale kwenye tope, mbele ya ukumbi wa chifu, akavua shanga za shingoni akaziweka chini, akaketi, akafungua mdomo. Sijawahi kusikia sauti kama hiyo kwa mtu mmoja. Lotiir alitoka mlangoni akarudi ndani. Awoi akaenda, akavua shanga zake pia kama mfiwa wa kwetu, moja baada ya nyingine, na ni nyingi, akaketi ubavuni pake akalia naye. Nakal akaikunja ile karatasi akaitia kifuani, akaketi upande wa pili. Mimi nilisimama kidogo, kisha nikaketi nyuma yao.

Watu waliokuwa wakitoka sokoni wakasimama, Waturkana na Wasudani, wakauliza ni msiba wa nani, na mtoto amekufa lini.

"Leo," Awoi akawaambia.